Sensa Inaona Oksijeni, Haioni Petroli

Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Geita uko juu zaidi ya hapo, na Shinyanga iko karibu na kimo hichohicho. Kwa hiyo gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Kahama, Katoro au Nyarugusu linapanda zaidi ya kilomita moja, hata kama barabara inaonekana tambarare kwa saa nyingi. Kanieneo ya hewa, ambayo pwani ni kama kilopaskali 101, huku inashuka hadi 88 hivi. Kila pistoni inapovuta hewa inapata pungufu ya asilimia 13. Petroli nayo lazima ipungue kwa kiasi hicho, la sivyo plagi zitajaa masizi na mwenye gari ataanza kulalamika kuwa linakula mafuta.

Probox, Noah na IST zinazobeba abiria kati ya Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Geita, zile ziitwazo michomoko, hulimaliza jambo hili zenyewe bila dereva kujua. Zinapima hewa inayoingia, kisha ndani ya bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni inayoieleza kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kilichobaki baada ya mafuta kuungua. Kontroli boksi huongeza au hupunguza petroli papo hapo. Wahandisi huuita utaratibu huo mzunguko uliofungwa: amri inatoka, matokeo yanapimwa, amri inayofuata inasahihishwa. Mzunguko ukiwa wazi sensa haisikilizwi, na injini hulishwa kwa kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani peke yake.

Mhadhara huu una dai moja, na dai hilo linagusa ufundi na mfuko kwa pamoja. Namba za marekebisho hayo ya petroli ni ushahidi, na ushahidi husomwa kabla ya kifaa chochote kununuliwa. Gari la abiria likilala gereji siku mbili, dereva amekosa riziki ya siku mbili na tajiri amekosa hesabu ya siku mbili. Desturi ya kubadilisha sensa kwanza na kuuliza baadaye inawatoza watu fedha ambazo hawakupaswa kuzitoa.

Sensa yenyewe ina umri mkubwa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1976, na Volvo za toleo la 1977 zilizouzwa California, jimbo lenye sheria kali za moshi wa magari, ndizo zilizotangulia kuibeba sokoni. Kiini chake ni kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu ndani na nje. Upande mmoja unagusa moshi, wa pili unagusa hewa ya kawaida. Kikipata joto la kuzidi nyuzi 300 hivi za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme: karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito wa mafuta, karibu 0.1 ukiwa mwepesi. Mpaka uko kwenye volti 0.45 hivi, mahali ambapo gramu moja ya petroli imekutana na gramu 14.7 za hewa.

Bila joto hilo sensa ni bubu. Zile za zamani zenye waya mmoja hazikuwa na hita, zilitegemea moshi wenyewe. Gari likiunguruma sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025, sensa ya aina hiyo iliweza kupoa ikanyamaza, na kontroli boksi ikarudi kwenye jedwali lake. Sensa za waya tatu au nne zina hita ndani. Hita ikikatika, au fyuzi yake ikiungua, gari huanza kutumia mafuta mengi hasa kwenye safari fupi. Kupima fyuzi ni kazi ya dakika chache, na inashangaza ni mara ngapi kipimo hicho kinarukwa.

Adui mkubwa wa platinamu zamani alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 karibu zote zilikuwa zimefanya hivyo. Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kuwa risasi imekwisha kwenye petroli ya magari duniani kote, baada ya Algeria kuwa ya mwisho. Leo sensa inauawa zaidi na injini inayochoma oili, na gundi za silikoni zinazopakwa ovyo wakati wa kufunga gasketi.

Lakini sensa nyingi zinazotupwa hazijafa.

Jambo la kushika ni kwamba sensa haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyopita mbele yake, kisha kontroli boksi inakisia kuhusu petroli. Mchimbaji wa dhahabu wa Rwamagasa anayepeleka mchanga maabara anajua kuwa kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na jibu likawa la uongo, kwa sababu sampuli iliingiliwa njiani. Moshi ni sampuli. Chochote kinachoingiza oksijeni isiyohusika kinaifanya sensa nzima itoe jibu linalopotosha.

Mfano ulio wazi ni bomba la moshi lililokatwa. Masega, kile kifaa chenye vitundu vya kauri kilichopakwa platinamu, paladi na rodi, hutolewa ama kwa sababu yameziba ama kwa sababu yana soko. Bomba huchomelewa tena, na mara nyingi kitundu kidogo hubaki kwenye mchomeleo au gasketi haikai sawasawa. Watu hudhani moshi utatoka tu, hewa haiwezi kuingia. Kumbe moshi hautembei kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo kanieneo hushuka kwa kitambo kidogo hadi chini ya ile ya nje. Kitambo hicho kinatosha kuvuta hewa. Kama kitundu kiko kabla ya sensa, sensa inaona oksijeni nyingi na kutoa taarifa kuwa mchanganyiko ni mwepesi. Kontroli boksi inaongeza mafuta asilimia 10, pengine 20. Sasa injini inapewa petroli isiyoihitaji, moshi unanuka, na kwenye mashine ya kupimia inatokea P0171, namba inayosema mafuta ni machache. Fundi anafunga sensa mpya. Sensa mpya inasema vilevile, kwa sababu nayo ni nzima.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Injini ikiwa imepoa, iwashwe, mtu azibe mkia wa bomba kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache huku mwenzake akisikiliza karibu na manifoldi. Penye tundu patalia. Masizi meusi kandokando ya gasketi nayo ni shahidi.

Injini inayomisi hudanganya kwa njia hiyohiyo. Koili ya silinda moja ikifa, mchanganyiko wa silinda hiyo unapita bila kuungua, na oksijeni yake yote inaifikia sensa. Petroli iliyopita nayo haionekani. Mafuta yanaongezwa kwa silinda zote nne, tatu kati yake zikiwa hazina tatizo lolote, na plagi zake zinaanza kuchafuka. Hapo pampu ya mafuta inaweza kulaumiwa, ikabadilishwa, na tatizo likabaki. Ndiyo maana kumisi kunatibiwa kwanza, na namba za mafuta zinasomwa baada ya hapo.

Mashine ya kupimia huonyesha namba mbili. Ya kwanza ni marekebisho ya papo hapo, yanayopanda na kushuka muda wote. Ya pili ni marekebisho ya muda mrefu, ambayo kontroli boksi imeyahifadhi baada ya kuona kosa linajirudia. Zikijumlishwa na jumla ikakaa ndani ya asilimia 5 hadi 10, juu au chini, kwa kawaida hakuna cha kutafuta. Ikizidi hapo, swali la maana ni lini inazidi. Kama ni +20 injini ikiwa sailensa na inarudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya kipima hewa: paipu ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya manifoldi. Tundu halikui injini inapoongeza kasi, lakini hewa halali inaongezeka sana, kwa hiyo ile ya wizi inakuwa sehemu ndogo. Kama ni kinyume chake, sawa ikiwa sailensa na +15 gari likipanda mlima na mzigo, petroli haifiki ya kutosha, na hapo pampu, filta na nozeli ndizo za kushukiwa. Namba ikiwa hasi sailensa, nozeli inayovuja au petroli iliyojaa ndani ya oili huweza kuwa chanzo.

Vumbi linastahili kutajwa peke yake katika mikoa hii. Magari mengi ya Toyota hupima hewa kwa waya mwembamba unaopashwa moto: hewa inayopita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio kipimo. Eya klina ikipasuka au ikipulizwa kwa upepo wa kompresa mpaka karatasi yake itoboke, vumbi jekundu la barabara ya machimbo hugandamana kwenye waya na kuufunika kama blanketi. Waya unapoa polepole kuliko unavyostahili, kontroli boksi inaamini hewa ni kidogo, na petroli inapungua. Sensa ya oksijeni inalitambua kosa na kontroli boksi inalisahihisha, mwezi baada ya mwezi, mpaka uwezo wake wa kusahihisha unafika mwisho na taa ya injini inawaka. Dawa ya kusafishia waya huo inauzwa, na hupulizwa bila kuugusa kwa brashi wala kitambaa.

Kuna kosa moja ambalo sensa hailioni. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini waliochanganya mafuta ya taa, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya uchakachuaji iishe. Mafuta ya taa yanahitaji hewa kwa uwiano unaokaribia ule wa petroli, kwa hiyo namba za marekebisho zinaweza kutulia kabisa huku injini ikigonga kwa kukosa oktani. Petroli ya madumu inayouzwa kwenye vijiji vya machimbo ina shida nyingine, ya maji na uchafu, na hiyo huonekana kwenye namba kupitia filta iliyoziba.

Mpaka hapa kontroli boksi ilikuwa ya kiwandani, iliyoandikwa na watu waliokuwa na maabara, muda na injini za kuharibu. Mambo hubadilika mtu anapofunga isiyo ya kiwandani, iwe kwa gari la rali, kwa pikapu iliyobadilishwa injini, au kwa mashine ambayo kontroli boksi yake imeungua na nyingine haipatikani. MegaSquirt, iliyobuniwa na Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001, ndiyo iliyowafungulia mlango mafundi wengi wasio na fedha za kununua kontroli boksi ghali za Haltech au MoTeC. Hapa fundi ndiye anayeandika jedwali. Kishawishi ni kuandika jedwali la kubahatisha, kuwasha marekebisho ya sensa, na kuiachia sensa imalizie kazi.

Sensa haiwezi kuimaliza, na sababu yake kuu ni kuchelewa. Petroli iliyonyunyizwa sasa inasubiri kuingia, kubanwa, kuungua, kutoka, kisha kusafiri kwenye bomba hadi ilipo sensa. Injini ikiwa sailensa safari hiyo yaweza kuchukua nusu sekunde au zaidi. Ikiwa kwenye kasi kubwa ni sehemu ndogo sana ya muda huo. Kontroli boksi ikiagizwa kusahihisha haraka kuliko habari inavyosafiri, inaongeza mafuta, haioni jibu, inaongeza tena, na jibu linapofika limekwisha kupita kiasi. Inageuka na kupunguza kwa pupa ileile. Injini inapanda na kushuka kwa mdundo, na fundi anaanza kutafuta ubovu kwenye vali ya sailensa wakati ubovu uko kwenye hatua kubwa na subira ndogo alizoziandika mwenyewe. Tiba ni kupunguza ukubwa wa kila hatua, kisha kuongeza idadi ya mizunguko ya kusubiri kati ya hatua na hatua.

Kwa hiyo uchunguzi wa mfumo kama huu unaanza kwa kuzima marekebisho. Hilo huwashangaza wengi, lakini bila kufanya hivyo fundi anaangalia matokeo yaliyokwisha kurekebishwa na hajui jedwali lake limekosea kiasi gani. Sensa yenyewe inabaki kusomwa, na iwe ile ya wigo mpana, kwa sababu ile ya volti 0.1 hadi 0.9 inajua tu kusema mzito au mwepesi, bila kusema kwa kiasi gani. Ifungwe imeinama ili maji ya moshi yasiingie ndani, na isiachwe kwenye bomba bila umeme injini ikifanya kazi, maana bila hita yake masizi huiharibu.

Kabla ya kuamini inachosema, nyaya zake zikaguliwe. Chukua kidhibiti cha sensa hiyo ambacho volti 0 ni uwiano wa 10 na volti 5 ni uwiano wa 20. Hita ya sensa hunyonya umeme mwingi. Kama ethi ya kidhibiti imefungwa kwenye bodi na ya kontroli boksi kwenye injini, tofauti ya volti 0.25 kati ya sehemu hizo si ajabu. Hiyo peke yake ni nusu ya kizio: saa ya dashibodi inasoma 14.7, kontroli boksi inasoma 15.2, na mafuta yanaongezwa bila sababu. Namba hizo mbili zilinganishwe injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewashwa. Zisipolingana, hakuna jedwali la kurekebishwa mpaka ethi zote zikutane sehemu moja kwenye injini.

Baada ya hapo, umbo la kosa linasema chanzo chake. Kosa likiwa sawa kila mahali, tuseme asilimia 12 kwenye kasi zote na mizigo yote, jedwali halina hatia. Presha ya mafuta, au ukubwa wa nozeli ulioandikwa, ndio wa kuulizwa. Kosa likiwa kubwa sailensa na likififia kadiri mzigo unavyoongezeka, na hewa ya wizi imeshatafutwa ikakosekana, mtuhumiwa ni muda wa nozeli kufunguka. Nozeli haifunguki mara tu inapopewa umeme. Huchukua kama milisekunde 1, na zaidi betri ikiwa dhaifu. Sailensa ikitumia milisekunde 2.5, zinazotoa mafuta kweli ni 1.5 tu. Kosa la 0.2 hapo ni asilimia 13. Kwenye mzigo mkubwa wa milisekunde 10 kosa hilohilo ni asilimia 2, halionekani. Ushahidi wa ziada ni kuwasha taa na feni kwa pamoja: kama uwiano unahama volti zinaposhuka, chanzo kimepatikana. Yakibaki makosa ya hapa na pale, hayo ndiyo ya jedwali, na kila chumba kinarekebishwa kwa asilimia iliyosomwa.

Kimo nacho kinarudi kwa sura nyingine. MegaSquirt isiyo na sensa ya pili husoma kanieneo ya nje mara moja, ufunguo unapofunguliwa kabla injini haijawaka. Waya mbovu wa umeme ukiizima na kuiwasha gari likiwa mwendoni, itasoma vakyumu ya manifoldi na kuamini gari limepanda mlima mrefu ghafla. Na mfumo unaokadiria hewa kwa kanyagio peke yake, ulioandikiwa jedwali Dar es Salaam, utafika Geita ukimwaga petroli ya ziada ya asilimia 15 hivi kama haukupewa marekebisho ya kimo.

Marekebisho yanawashwa mwisho, kwa ruhusa ya asilimia 5, baadaye 10. Ruhusa ya 30 huficha paipu iliyopasuka mpaka iwe kubwa. Tena yasiwashwe kwenye mzigo kamili kwa sensa ya kawaida. Pikapu iliyojaa viroba vya mawe ikipanda kutoka machimboni inahitaji mchanganyiko mzito, kama 12.5 hadi 13, ili pistoni zisipate joto la kuziyeyusha. Sensa isiyojua namba nyingine zaidi ya 14.7 itauondoa unafuu huo kwa bidii zote.

Kontroli boksi isiyo ya kiwandani iliyoenea zaidi Tanzania, hata hivyo, haiko kwenye magari ya mashindano. Iko kwenye magari ya gesi. Tangu gesi ya Songo Songo ifike Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likamilike mwaka 2015, magari mengi ya petroli yamefungwa mitungi, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni kati ya wanaofanya kazi hiyo. Kontroli boksi ya gesi husoma amri iliyokusudiwa nozeli za petroli, huizidisha kwa jedwali lake na kuipeleka kwenye nozeli za gesi. Sensa ya oksijeni inaendelea kuripoti kwa kontroli boksi ya Toyota, ambayo haijui kuwa mafuta yamebadilika. Jedwali la gesi likiwa na kosa la asilimia 15, Toyota inalisahihisha na kulihifadhi kwenye marekebisho ya muda mrefu. Dereva anaporudi kwenye petroli, petroli ambayo haikuwa na kosa inapewa sahihisho la gesi.

Bomba la gesi halijafika Kanda ya Ziwa. Gari kama hilo likiuzwa na kuletwa Kahama, litatembea kwa petroli tu, pengine mtungi umeshatolewa. Likija gereji kwa kula mafuta au kukosa nguvu, kumbukumbu ya marekebisho ifutwe, liendeshwe kwa petroli kilomita kadhaa, kisha namba zisomwe upya. Zikikaa karibu na sifuri, kazi imekwisha na hakuna kilichonunuliwa. Zikirudi juu, zifuatwe nyaya za nozeli. Ili kuzima petroli wakati wa gesi, mfungaji huzikata na kuzipitisha kwenye kontroli boksi ya gesi, na aliyeutoa mfumo mara nyingi huzirudisha kwa kuzisokota na kuzifunika kwa utepe. Kwa nozeli za kawaida za Toyota, kila moja ipimwe kutoka kwenye plagi ya kontroli boksi: omu 12 hadi 14 ni nzima, na ile itakayozidi hapo ina kiungo cha kufunguliwa na kuchomelewa kwa risasi.